Siku tatu Barolo: mwongozo kamili wa kukifikia, kukitembea na kukionja kijiji kimoja cha Italia

Barolo ni kijiji cha watu wapatao mia saba katika vilima vya Langhe, mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Kukizunguka chote kwa miguu hakuchukui nusu saa, na kwa sababu hiyo wageni wengi hukipa saa mbili tu. Wanashuka garini, wanapiga picha kasri, wanaonja glasi moja, wananunua chupa, wanaondoka. Mimi nasema kipewe siku tatu, na sehemu kubwa ya siku hizo itumike nje ya kijiji, kwa miguu, katikati ya mizabibu. Mvinyo unaobeba jina la kijiji hiki huanza kueleweka ukiwa umesimama kwenye udongo wake, ukiona kilima kipi kimelielekea jua na kipi kimelipa mgongo.

Nimeandika nikimfikiria msomaji anayeondokea Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Bujumbura, na pia aliyeko Muscat, London au Toronto. Asiyekunywa pombe naye asifunge ukurasa, kwa sababu sehemu yake nayo nimeiweka.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwanza

Zabibu inayotengeneza Barolo inaitwa Nebbiolo. Wengi husema jina hilo limetokana na nebbia, yaani ukungu, ule unaolala mabondeni asubuhi za Oktoba. Nebbiolo huiva kwa kuchelewa kuliko ndugu zake wote: Dolcetto huvunwa mapema Septemba, Barbera hufuata, Nebbiolo huingia mwisho, kwa kawaida kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba. Aliyezoea Dodoma, ambako mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka, atashangaa kuona mavuno ni mara moja tu. Dakika kumi za mvua ya mawe mwezi Julai zinaweza kuondoka na jasho la mwaka mzima.

Oktoba kuna uhai mwingi, na kuna gharama nyingi. Mji wa Alba, ulio kilomita kama kumi na tano kutoka Barolo, hufanya maonyesho ya tartufo nyeupe, ule uyoga unaoota chini ya ardhi kwenye mizizi ya miti na kutafutwa kwa pua za mbwa. Maonyesho huanza Oktoba na kuendelea hadi mapema Desemba, na mwishoni mwa wiki vyumba hujaa kote vilimani. Januari na Februari wengi hufunga ili wapumzike. Katikati ya Agosti, karibu na sikukuu ya tarehe 15 waiitayo Ferragosto, utakuta familia nyingi za wakulima zimekwenda baharini.

Ukiniuliza mimi, nenda wiki ya pili ya Novemba. Majani ya mizabibu yamegeuka manjano na mekundu, tartufo bado zipo, na mwenye mvinyo amemaliza kuvuna kwa hiyo ana muda wa kuongea nawe. Baridi ni ya koti zito na viatu visivyopitisha maji. Asiyeiweza baridi achague mwisho wa Mei.

Hatua ya 2: Viza

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Omani anahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo. Aliyeko Uingereza kwa kibali cha ukaazi tu, bila pasipoti ya huko, naye anaihitaji. Mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani, Ufaransa au nchi nyingine ya Schengen haihitaji kwa safari fupi.

Ombi hupelekwa kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Kama ni Italia, peleka kwa Italia, hata kama ndege inatua kwingine. Linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisichelewe kupita siku kumi na tano kabla. Usikae ukasubiri hizo siku kumi na tano, kwa sababu foleni ya miadi peke yake yaweza kula wiki kadhaa. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na euro 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi kumi na moja. Pasipoti iwe na umri usiozidi miaka kumi, iwe hai miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari ifikie angalau euro 30,000 na ihusu nchi zote za Schengen.

Sehemu inayowaangusha wengi ni taarifa ya benki. Mshahara unaoingia mwezi hadi mwezi, hata ukiwa wa wastani, una nguvu kuliko kitita kilichotumbukizwa wiki moja kabla ya ombi. Ambatanisha barua ya mwajiri inayotaja siku za likizo na siku ya kurudi kazini; mwenye biashara aweke leseni na hati za kodi. Halafu andika ratiba ya ukurasa mmoja, siku kwa siku, yenye majina ya vijiji na mahali pa kulala. Ratiba inayotaja Barolo, La Morra na Serralunga d'Alba humwonyesha afisa kwamba unajua unakokwenda.

Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili alama za vidole na picha za wageni kwa mfumo wa kielektroniki, kwa hiyo acha nafasi ya kutosha kati ya ndege yako na treni.

Hatua ya 3: Kutoka uwanja wa ndege hadi kilimani

Kutoka Afrika Mashariki njia nyepesi ni kutua Milano Malpensa, ukibadilishia ndege Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul. Malpensa hadi Torino, mji mkuu wa Piemonte, kuna basi la moja kwa moja la saa kama mbili. Ukipenda reli, nenda Milano Centrale, kisha panda treni ya kasi hadi Torino Porta Susa, mwendo wa takribani saa moja. Hapo Porta Susa hupita treni ya wilaya inayokwenda Alba kupitia Bra, saa moja na dakika kadhaa. Tiketi ya karatasi ya treni za wilaya lazima igongwe kwenye kimashine kidogo kituoni kabla ya kupanda. Wageni wengi hulipishwa faini kwa kusahau jambo hilo dogo, na faini hiyo haina huruma.

Barolo yenyewe haina reli. Mabasi ya kutoka Alba ni machache na Jumapili huadimika, hivyo ukifika mwishoni mwa wiki panga teksi mapema kupitia mwenye nyumba ya wageni. Teksi za kusimamisha barabarani hazipo huko.

Kuhusu gari la kukodi: linakupa uhuru, lakini ubebe leseni ya kimataifa pamoja na ile ya nyumbani, na ujue sheria mbili. Kiwango cha pombe kwenye damu ni gramu 0.5 kwa lita, na kwa dereva ambaye leseni yake haijatimiza miaka mitatu ni sifuri kamili. Pili, katikati ya miji kama Alba kuna mitaa iliyowekewa alama ZTL, ambamo kamera hupiga picha namba ya gari lisilo na kibali, na barua ya faini hukufuata hadi nyumbani. Barabara za vilimani ni nyembamba na zina kona kali. Kama mpango ni kuonja, acha usukani, au teueni mmoja asiyekunywa kabisa siku hiyo.

Hatua ya 4: Lala kijijini, na andika barua pepe wiki tatu kabla

Tafuta chumba Barolo kwenyewe, au La Morra iliyo juu ya kilima jirani. Nyumba nzuri kwa bei ni zile ziitwazo agriturismo, za wakulima wanaopokea wageni. Mara nyingi mama mwenye nyumba ndiye anayekuandalia kifungua kinywa, na ndiye anayejua cantina gani ina mlango wazi. Cantina ndilo neno lao kwa mahali pa kutengenezea na kuhifadhia mvinyo. Ongeza kwenye bajeti kodi ndogo ya utalii ambayo hulipwa kwa kila usiku.

Cantina za huku nyingi ni za familia. Anayekukaribisha ndiye aliyekuwa juu ya trekta asubuhi. Usitokee bila miadi. Wiki tatu kabla, waandikie cantina tatu au nne, useme mko wangapi, siku gani, saa ngapi na lugha gani. Wawili watajibu, na hao wawili wanatosha, kwa sababu zaidi ya cantina mbili kwa siku ulimi umechoka na hausikii tofauti tena. Kuonja hulipiwa, kwa kawaida kati ya euro 20 na 40 kwa mtu, zaidi kwa wenye majina makubwa. Ukishindwa kufika, toa taarifa, maana kuna mtu amevua viatu vya shambani kwa ajili yako.

Msomaji wa Malindi au Watamu ana faida hapa. Kule pwani Waitaliano wamekaa miaka mingi, na vijana wengi wa hotelini wanasema Kiitaliano cha kutosha. Kitumie bila woga: vijijini Kiingereza ni haba, na mzee wa Langhe akisikia Kiitaliano, hata cha kuungaunga, hufungua chupa ambayo hakupanga kuifungua. Anayeanza sifuri ashike sentensi moja tu: "Vorrei prenotare una degustazione", yaani ningependa kuweka miadi ya kuonja. Mengine yote huanza na buongiorno. Huingii dukani wala humpiti mtu kwenye uchochoro bila salamu, jambo ambalo Mswahili halihitaji kufundishwa.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, kasri na ukoo wa Falletti

Fika kasrini asubuhi. Kasri hili lilianza kama ngome, kisha kwa karne nyingi likawa mali ya ukoo wa Falletti, waliopanda kutoka biashara ya fedha hadi umarkizi, cheo cha juu cha kikabaila. Tangu mwaka 2010 ndani yake kuna makumbusho ya mvinyo yaitwayo WiMu. Unaanzia ghorofa ya juu na kushuka taratibu, na huko chini kabisa, kwenye maghala ya zamani, kuna enoteca, duka la pamoja ambako mvinyo wa wazalishaji wengi huonjwa na kuuzwa. Chumba cha kusimama kwa muda ni maktaba. Silvio Pellico, mwandishi aliyekaa miaka mingi kwenye magereza ya Waaustria kwa sababu ya siasa za ukombozi wa Italia, alipotoka alipewa kazi ya kutunza vitabu na familia ya Falletti.

Aliyempa kazi hiyo pamoja na mumewe ndiye mtu ninayetaka umjue kabla hujaonja tone: Juliette Colbert, ambaye Waitaliano humwita Giulia di Barolo. Alizaliwa Ufaransa katika familia iliyopoteza watu kwenye Mapinduzi, akaolewa mwaka 1806 na Carlo Tancredi Falletti, markizi wa Barolo. Huko Torino aliingia kwenye jela za wanawake, akakuta wafungwa wamelundikwa kwenye uchafu na giza, akakaa nao, akawafundisha kusoma, akaisumbua serikali hadi hali ikabadilika. Mumewe alifariki mwaka 1838. Hawakuwa na mtoto. Giulia alipofariki mwaka 1864 ukoo ulikwisha, na mali ikaenda kwenye taasisi ya huruma iliyobeba jina la Barolo. Mwaka 2015 Kanisa Katoliki lilimtangaza Mheshimiwa, ngazi moja katika njia ya kuelekea utakatifu.

Jina lake linaungana na mvinyo hivi. Zamani Nebbiolo ya hapa mara nyingi ilikuwa tamu tamu, kwa sababu baridi ya Novemba ilikatiza uchachu kabla sukari haijaisha. Katika karne ya 19 watu wachache, akiwemo Giulia na jirani yake, mwanasiasa Camillo Cavour, waliwataka wataalamu wautengeneze uwe mkavu, uchachuke hadi mwisho na uweze kukaa miaka. Wanahistoria wanabishana hadi leo kuhusu nani alikuwa fundi halisi, Mfaransa Louis Oudart au Mwitaliano Staglieno. Kijijini utasimuliwa kwamba mfalme Carlo Alberto alimlalamikia Giulia kuwa hajawahi kuonja mvinyo wake anaousikia kila mahali, naye akampelekea msafara wa mapipa 325, moja kwa kila siku ya mwaka ukitoa siku arobaini za Kwaresma. Hiyo ni hekaya, na ni nzuri, ipokee hivyo.

Kanisa la San Donato liko hapo hapo mbele ya kasri. Chini yake wamezikwa watu wa ukoo huo. Makumbusho madogo ya vizibuo yako hatua chache tu kutoka hapo, na watoto huyapenda. Mchana uliobaki tembea uchochoro wa via Roma. Katika mtaa huo aliishi Bartolo Mascarello, aliyefariki mwaka 2005, ambaye alitetea njia ya mababu: mapipa makubwa ya mwaloni, subira ndefu. Miaka ya 1980 na 1990 vijana wa hapa waligawanyika na wazee wao kuhusu mapipa madogo mapya ya Kifaransa, yanayolainisha mvinyo upesi na kuupa harufu ya vanila. Ugomvi ulifika mezani na ndani ya nyumba. Husimuliwa kwamba Elio Altare wa La Morra aliyakata mapipa ya baba yake kwa msumeno wa mashine. Siku hizi hasira zimepoa, wengi wanachanganya njia zote mbili, lakini ukimuuliza mwenyeji yuko upande gani, vuta kiti.

Hatua ya 6: Siku ya pili, shuka kutoka La Morra kwa miguu

Hii ndiyo siku yenyewe. Panda La Morra asubuhi kwa teksi au basi, usimame kwenye belvedere, uwanja ulio ukingoni mwa kijiji kwenye mita zaidi ya 500 juu ya usawa wa bahari. Chini yako iko karibu nchi yote ya Barolo. Kisheria mvinyo huu hutoka katika vijiji kumi na kimoja tu, na kwa zabibu ya Nebbiolo peke yake. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza mandhari hii ya mizabibu katika orodha ya urithi wa dunia.

Kabla ya kushuka, tazama pande za vilima. Sisi wa karibu na ikweta jua hutupitia utosini, na mteremko uelekee wapi si neno kubwa. Huku jua hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Mteremko unaoitazama kusini huitwa sorì kwa lugha ya nyumbani, na wazee waliutambua kwa kuangalia theluji inayeyuka wapi kwanza. Hapo ndipo walipopanda Nebbiolo. Mahali pabaya kidogo walipanda Barbera, pabaya zaidi Dolcetto, na palipoelekea kaskazini wakaacha miti au kupanda nocciola, aina ya njugu za mitini ambazo baadaye ziliupa mji wa Alba kiwanda cha chokoleti cha Ferrero. Ukipita hapo mwezi wa pili, theluji bado inakusomea ramani hiyo hiyo.

Njia ya miguu ina alama na inashuka ndani ya mizabibu. Ukienda polepole ni saa moja na nusu hadi mbili hadi Barolo. Usichume zabibu, ni mshahara wa mtu. Msimu wa mavuno utakutana na wavunaji, na wengi wao ni wahamiaji, wakiwemo Waafrika. Wasalimu. Kila chupa ya bei kubwa imepita kwenye mikono hiyo.

Katikati ya safari, ndani ya shamba la Brunate, utaona kijumba chenye rangi kali nyekundu, njano na buluu. Kilijengwa mwaka 1914 kama kanisa dogo la kuwakinga wafanyakazi na mvua ya mawe, hakikupata kuwekwa wakfu, kikabaki gofu. Mwaka 1999 msanii Sol LeWitt alikipaka rangi nje na David Tremlett ndani. Kukiingia ni bure. Kaa hapo, ule mkate wako.

Unapokaribia Barolo, kilima kirefu chembamba upande wa kaskazini mwa kijiji ni Cannubi. Kuna chupa ya kale iliyoandikwa Cannubi na mwaka 1752, ikimaanisha jina la kilima lilikuwa fahari hata kabla jina la kijiji halijawa jina la mvinyo. Inama, uchukue udongo mkononi. Upande huu wa La Morra na Barolo ni wa kijivu cha buluu, laini, na mvinyo wake huwahi kufunguka na kunukia. Kule Serralunga udongo ni mkongwe zaidi, mgumu, na mvinyo wake hukaza meno kwa miaka. Kesho utayaonja hayo kwa ulimi.

Hatua ya 7: Namna ya kuonja

Ukiwekewa Barolo kwanza utadhani umekosewa. Rangi yake ni nyepesi, ya tofali au ya chai iliyokolea kidogo. Usiihukumu kwa macho. Nusa: wajuzi hutaja waridi na lami, na ukishaambiwa hutaweza kuacha kuvisikia. Ukinywa, ufizi utakazwa na ukakasi, ule ule wa bibo bichi au chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Ukakasi huo ndio uti wa mgongo wa mvinyo huu. Ndio unaoufanya udumu miaka ishirini, na ndio unaosababisha sheria kuufungia: Barolo hukaa miezi 38 kabla ya kuuzwa, angalau 18 kati ya hiyo kwenye mapipa ya mbao, na ule uitwao Riserva miezi 62. Mavuno ya mwaka 2021 yaliruhusiwa kutoka Januari 2025.

Omba uanzie Dolcetto, kisha Barbera, kisha Langhe Nebbiolo (zabibu ile ile, ila mvinyo wa kunywewa mapema), umalizie na Barolo mbili za vilima tofauti na mwaka mmoja. Ukibadilisha kilima na mwaka kwa pamoja hutajua kipi kimeleta tofauti. Kuna chombo cha kutemea mezani, na kukitumia ni adabu kamili. Wenye mvinyo wenyewe hutema. Kula mkate katikati. Kunywa maji mengi.

Asiyekunywa pombe aseme mapema kwenye barua pepe kwamba anakuja kuona na kusikiliza. Nyumba nyingi zitampokea vizuri. Ghala lenye mapipa ya ukubwa wa chumba na harufu ya mwaloni uliolowa ni ziara tosha, na kunusa glasi ni nusu ya elimu yote.

Hatua ya 8: Siku ya tatu, Serralunga na Grinzane

Kwa teksi au gari, anzia Serralunga d'Alba. Kasri lake lilijengwa na akina Falletti kati ya mwaka 1340 na 1357, refu na jembamba kama mnara wa mlinzi, na huingiwa na kiongozi. Hapa ndipo mfamasia Giuseppe Cappellano alipotengeneza Barolo Chinato, mvinyo uliolowekwa viungo na gome la mti wa kwinini. Sisi tuliokulia kwenye uchungu wa kwinini ya malaria tutaitambua ladha hiyo sekunde ya kwanza. Wao huinywa baada ya chakula, na kwa chokoleti nyeusi ni jambo la kukumbukwa.

Kisha Grinzane Cavour, kwenye kasri alimoishi Cavour, aliyekuwa mkuu wa kijiji hiki kwa miaka kama kumi na saba kabla hajawa waziri mkuu wa kwanza wa Italia iliyoungana. Kama muda umebaki, malizia mchana Alba kwa miguu. Mji huo ulishikwa na wapiganaji waliowapinga mafashisti kwa siku ishirini na tatu, Oktoba hadi Novemba 1944, na vilima ulivyotembea jana ndivyo walivyojificha.

Hatua ya 9: Mezani

Saa zilizoandikwa mlangoni ni za kizungu: 12:30 ni saa sita na nusu mchana, na jiko hufungwa kama saa nane na nusu. Ukichelewa utangoja hadi saa moja na nusu usiku. Kwenye bili utakuta coperto, euro chache za mkate na meza, ni halali.

Agiza tajarin, tambi nyembamba zinazokandwa kwa viini vya mayai, wengine hutia viini thelathini au zaidi kwa kilo moja ya unga. Zikiletwa na siagi na tartufo, uliza bei kwa gramu kabla ya mhudumu kuanza kukwangua. Anayeepuka nguruwe na pombe awe macho: agnolotti del plin mara nyingi hutiwa nguruwe ndani, brasato ni nyama iliyopikwa kwa Barolo, na bunet, kitindamlo cha kakao, huwa na ramu. Sema "senza maiale, senza alcol". Kilicho salama zaidi kwa kawaida, na kitamu, ni bagna càuda, mchuzi moto wa vitunguu saumu, dagaa wa chumvi na mafuta ya zeituni, unachovya mboga, na keki ya nocciola. Jibini la Murazzano huliwa na cugnà, uji mzito wa maji ya zabibu yaliyochemshwa pamoja na matunda.

Hatua ya 10: Kununua na kubeba

Nunua kwa uliyemtembelea. Barolo mara chache hushuka chini ya euro 30, ila Langhe Nebbiolo ya fundi yule yule hupatikana kwa karibu nusu yake na hunyweka mapema. Ukitumia zaidi ya euro 70 kwenye duka moja lililo kwenye mpango wa kurudishia wageni kodi, na unaishi nje ya Umoja wa Ulaya, omba fomu yake na uigongeshe uwanja wa ndege kabla ya kuondoka.

Chupa huenda kwenye sanduku la kupakiwa, kila moja ndani ya soksi nene na katikati ya nguo. Forodha za Afrika Mashariki huruhusu lita mbili za mvinyo bila ushuru kwa mtu mzima, yaani chupa mbili za kawaida zinapita bila shaka. Ukifika nyumbani ilaze chupa, mbali na jiko na dirisha, kwenye chumba chenye baridi kuliko vyote. Joto la Dar au Mombasa litaizeesha upesi, kwa hiyo usiiwekee miaka kumi. Ifungue ndani ya mwaka, saa mbili kabla ya chakula, ukiwa umeipoza kidogo kwenye friji, na mbele yake pawepo nyama iliyopikwa taratibu.